Siku Mama Hakutema Mate

Nakumbuka asubuhi moja Mama yangu alinituma ziwani kuchota maji bila kutema mate juu ya jiwe. Mwanangu, najua hujaelewa kitu. Kaa kwanza nikueleze hilo jiwe, maana maisha yangu yaligeukia pale.

Nyumba yetu ilikuwa hapa hapa Rugenge, mtaa wa Uvira, ya matofali mabichi, na mbele ya mlango kulikuwa na jiwe bapa. Zamani Mama alisagia chumvi juu yake, baadaye akaliacha likae tu. Kila aliponituma mahali, kama ni maji, kama ni kuomba moto kwa jirani, kama ni kupeleka ndagala, dagaa wetu wa ziwani, sokoni, alitema mate juu ya lile jiwe, puu! Halafu kidole kinanijia usoni. "Weye Nabintu! Hii mate ikikauka mbele urudi, leo utajua minye ni nani!"

Jua la Uvira mnalijua. Linakausha ndagala juu ya mchanga kabla jioni haijafika. Sasa mate ya mtu je? Nilikimbia. Nilirudi na nusu ya ndoo, nusu nyingine imeniogesha miguu, na jambo la kwanza niliinama kuangalia jiwe kama bado lina unyevu. Siku zingine ningeapa Mama ameyapangusa kwa kanga ili anipate na kosa. Nilimshuku namna hiyo.

Mama yangu alikuwa Mfuliiru, mzaliwa wa Lubarika kule bonde la Ruzizi, na mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko nyumba yetu. Alinitukana kama watu wengine wanavyosalimia. "Miguu ya bata, umeamuka?" "Hii bugali umeipika ao umeizika?" Majirani hawakuhitaji jogoo. Na minye, kama mtoto yeyote wa miaka kumi na tano, nilikaa nikiangalia mama za wenzangu na kuhesabu raha zao. Msiniambie nyinyi hamfanyi hivyo. Nawaona mkishika telefone.

Mama niliyemtamani kuliko wote alikuwa mama ya rafiki yangu Daforoza, jirani yetu. Hao walikuwa watu wa bonde pia, lakini wa Kirundi, Wakatoliki wa kusali kila asubuhi. Mama Daforoza hakupiga kelele hata siku moja. Mtoto wake akikosea, alimwita jina lote polepole, "Daforoza," halafu anamwangalia. Basi. Hakuna matusi, hakuna mate. Nilisema moyoni: huyu ndiye mama. Mimi nimepewa radio.

Lakini Daforoza, tukiwa tunasugua masufuria kwa mchanga ukingoni mwa ziwa, alinijibu kitu ambacho sikukipokea. "Weye unasikia mama yako hasira iko wapi. Iko mu mudomo, imetoka, imeisha. Ya mama yangu, minye naitafutaka tu. Ananiangalia, sijue anawaza nini."

"Tubadilishane," nikamwambia.

"Chukua leo," akasema, na tukacheka mpaka sufuria ya mama yake ikachukuliwa na mawimbi, tukaingia majini na nguo kuifuata.

Sasa rudi kwenye ile asubuhi. Nilikuwa darasa la sita, la mwisho la shule ya msingi. Nilianza masomo nimechelewa, kwa maana mgongo wangu ulibeba wadogo zangu kwanza. Mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili. Mama akanipa ndoo. Nikasimama nikingoja mate. Hakutema. Alisema, "Enda tu. Usikimbie." Usikimbie! Nilitembea mpaka ziwani kama mtu anayepeleka barua ya msiba, na ile ndoo ilirudi imejaa mpaka juu, mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Jioni yake nikaunguza maharagi. Yaliungua mpaka harufu ikafika kwa majirani. Nikajikunja kungoja. Mama akaonja, akameza, akasema, "Inalika." Nikamwangalia baba. Baba alikuwa mvuvi, mtu wa maneno matatu kwa siku, naye akainamisha kichwa akala. Nikajua hawa wawili wana siri.

Kesho yake nikachukua mchi nitwange muhogo. Mama akaunyang'anya mkononi. "Wacha hiyo. Enda ushike kaye yako." Akatwanga yeye, na mgongo ulikuwa unamuuma, nilimsikia akiguna. Mama anayeacha mtoto akae na daftari huku yeye anatwanga? Sijaona. Hata nyinyi wa leo hamjaona.

Halafu kamba. Hii ndiyo iliyonimaliza. Mama alinisimamisha ukutani, nyayo pamoja, mikono chini, akachukua kamba ya mgomba, akanipima kutoka kisigino mpaka utosini, akafunga fundo. Kisha akapima mabega yangu, mara moja, halafu mara ya pili akiongeza, akafunga fundo lingine. Nikauliza, "Mama, ni ya nini?" Akasema, "Ni ya kuuliza-uliza." Kamba ikaingia kwenye pindo la kitenge chake. Mtu wa kwetu hapimwi hivyo hovyo. Nilijua watu wawili wanaopima: fundi wa nguo na fundi wa masanduku ya maiti. Na nguo mpya kwetu ilikuja Noeli, na Noeli ilikuwa mbali.

Siku ya tatu baada ya kamba, akaingia mama mmoja kutoka Rurambo, kule juu milimani, kwa wafugaji. Mrefu, mwembamba, amejifunga kitambaa vizuri, na mgongoni kibuyu cha maziwa kinachonukia moshi. Alisalimia polepole, akakaa, hakutaka haraka. Mama yangu akampa ndagala kavu zimefungwa kwenye majani ya mgomba. Kisha akaniita.

"Karibia, Mama akuone."

Akuone! Nilisimama. Yule mama aliniangalia usoni kidogo tu. Halafu macho yake yakashuka, yakashuka, yakafika miguuni, yakakaa pale. Akainama kabisa. Akaniambia nigeuze unyayo. Nikageuza kama ng'ombe sokoni. Akaangalia kati ya vidole, akaangalia visigino, akamwambia Mama, "Ni mizuri. Haina kitu." Mama yangu akatabasamu! Akanimiminia kikombe cha maziwa, akasema, "Kunywa yote. Na kesho utakunywa tena."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamvizia Daforoza njiani nikamwaga yote, kamba, maharagi, miguu, maziwa. Alisimama. Aliweka ndoo chini.

"Aliangalia miguu?"

"Aliangalia."

"Na mama yako aliacha kukutukana mbele ao nyuma ya huyo mama kuja?"

"Mbele."

Daforoza akapiga kiganja mdomoni. "Basi, imeisha. Nabintu, banakuoza. Kwetu mama wa muvulana njo anakujaka hivyo, anajifanya ametembea tu. Na mama yako akinyamaza, akikupa chakula kizuri, akikuachisha kazi, ni juu hauko tena wake. Uko wa bengine. Hawezi kugombeza muke wa bantu."

Mwanangu, ukitaka kujua namna sumu inavyoingia, ndiyo hiyo. Kila kitu kilikaa mahali pake. Kamba ilikuwa ya nguo ya harusi. Maziwa yalikuwa ya kuninenepesha. Rurambo! Mimi mtoto wa ziwa, niende kuchunga ng'ombe kwenye baridi, kwa mtu ambaye sijui hata kama ana meno?

Kuanzia siku hiyo nilipokea kikombe cha maziwa kwa mikono miwili, nikamshukuru Mama kwa sauti tamu, nikazunguka nyuma ya choo, nikamwaga. Mbwa wa jirani aligundua siku ya pili. Wiki moja tu akawa anang'aa manyoya. Mama yangu aliniangalia akasema, "Mbona hunenepi?" Na mimi moyoni: umeona? Amekubali mwenyewe!

Hakuna alichofanya ambacho sikukigeuza. Akinifunika kitenge asubuhi, anaficha bidhaa isipate vumbi. Akimnong'onea baba, ni bei. Akikaa kimya, ndiyo kabisa. Kitu kimoja tu sikufanya. Sikumuuliza. Niliuliza kamba ni ya nini, nikajibiwa ovyo, nikaona mlango umefungwa milele. Kumbe mama huyo alikuwa na milango saba, nami nilisukuma mmoja na kidole.

Siku mbili kabla ya mtihani akaniambia, "Siku ya mutihani, ukitoka tu masomo, usizunguke. Ule mama wa Rurambo atakuwa kwetu. Oga vizuri, vaa ile robe ya bulee." Nikaitikia, "Ndiyo, Mama." Kesho yake alfajiri, alipokwenda kupokea samaki pwani, nilifunga robe hiyo hiyo, gauni langu la buluu, kwenye kitambaa pamoja na muhogo wa kuchemsha, nikapanda kamyo, lile lori linalokwenda bonde kupakia muhogo. Nilikuwa nakwenda Lubarika kwa mama mdogo, ndugu ya Mama, aliyenipenda. Nilisema: mtihani nini? Mtihani hauna maana kwa bibi harusi.

Nilifika jua liko katikati. Mama mdogo alikuwa amekaa nje, matete yamemzunguka, anasuka mkeka. Kazi hiyo aliijua, wanawake wa pale waliijua wote. Aliponiona hakusimama.

"Eh! Umekuja kuchukua mukeka? Si nilimwambia dada nitautuma na kamyo? Haijaisha."

"Mukeka wa nani?"

"Wa nyinyi."

Nikaiona. Chini ya goti lake kulikuwa na kamba ya mgomba, na mafundo yangu mawili.

"Sisi na nani?"

"Weye na ule mutoto wa Rurambo, Debora. Dada hakukuambia? Mama yake ameomba mutoto akae kwenu, asome sekondari huko muji, juu kule kwao haiko. Mama yako akasema sawa, na wa kwangu anaingia sekondari pia, batalala mukeka moja, batasoma taa moja, huyu akilala ule anamuamusha. Ndiyo nikafanya upana huu." Akapiga mkeka kwa kiganja. "Ama umenenepa, nipanue?"

Nikakaa chini kwenye vumbi. "Aliangalia miguu yangu."

"Nani?"

"Mama Debora. Aliinama akaangalia mpaka kati ya vidole."

Mama mdogo alianza kucheka taratibu, halafu akaangusha tete. "Funza, mutoto wee! Alikuwa anatafuta funza! Nani atalaza mutoto wake pembeni ya muntu wa funza?" Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono. "Na vile hukutukanwa hizi siku, unajua sababu? Diregta, mukubwa wa masomo yenu, alimuita mama yako. Akamwambia, huyu mutoto ana kichwa, lakini anakuja amechoka na amegombezwa, mumuache wiki mbili apumuzike. Basi dada amejifunga mudomo. Inamuua! Alikuja hapa juma lililopita, akanitukana minye kutoka asubuhi mpaka kamyo ikamuita, juu weye hawezi kukutukana. Na maziwa, aliambiwa inasaidia kichwa. Ameacha kula samaki mukubwa, anakusanya ndagala zote za kubadilisha maziwa."

Nilikuwa nimeinama, nikifikiria mbwa wa jirani.

Halafu mama mdogo akaacha kucheka. Nilisikia pale ambapo kicheko kilikatika. "Nabintu. Mutihani yako si ni kesho?"

Mwanangu, siku hiyo hakukuwa na kamyo tena ya kushuka. Nilisimama barabarani mpaka macho yakaniuma. Kesho yake alfajiri nilikuwa pale pale, nimevaa robe ya bulee, mkeka ambao haujaisha begani, kwa sababu mama mdogo alisema nisirudi mikono mitupu. Kamyo ilikuja jua limeshapanda. Njiani mvua ya milimani ilikuwa imeshuka, mto mmoja umejaa matope, magari yamepanga mstari, watu wanachoma mahindi wakingoja maji yapungue. Nilimwomba dereva avuke. Aliniuliza, "Uko na mugonjwa?" Nikasema, "Niko na mutihani." Akanitazama na ule mkeka, akageuka kula hindi lake.

Nilipofika shuleni watoto walikuwa wanatoka, biki zao za kuandikia zimekaa nywele­ni, wanabishana jibu la hesabu. Mlangoni alikuwa amesimama Mama yangu. Alinitafuta usiku kucha, na tangu asubuhi alikuwa pale, waliniambia baadaye. Mkononi alishika biki mpya, bado ina kifuniko chake. Alikuwa amemwomba diregta angoje kidogo, kidogo tena, mpaka diregta akaona aibu akafunga mlango.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, mwanangu, nilitaka anipige mbele ya wote. Alinichukulia mkeka begani, akauweka begani kwake, akatangulia. Njia yote niliangalia mgongo wake na ule mkeka wenye nyuzi zinazoning'inia.

Nyumbani alikuwa amekaa Mama Debora, na Debora mwenyewe, msichana mrefu mwenye macho ya kushuku kila kona ya nyumba yetu. Mama alinisukuma katikati. "Sema." Nikasema yote. Nilipofika kwenye maziwa, Mama Debora alifunika mdomo kwa kitambaa. Kwao maziwa kumwagwa chini ni kama kumtemea mtu usoni. Kisha akauliza, "Yote alikunywa mbwa?"

"Mengi, Mama."

"Basi hayakumwagika," akasema. "Yalinywewa." Na hakuzungumza tena jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Ningekuwa mimi ningelisema kila Jumapili.

Siku Mama Debora alipoondoka nilimsindikiza kubeba ndagala zake mpaka inapoanza njia ya kupanda. Debora alikuwa nasi. Yule mama alimpa mtoto wake mkono, akamwambia neno moja la Kinyamulenge, akageuka. Hakulia, hakumkumbatia, hakugeuka tena. Debora alisema akiuma meno, "Unaona? Ameniacha kama kibuyu kilichopasuka. Mama yako angalau angepiga kelele." Akakimbia kurudi, nikabaki na ndagala mkononi, kwa maana yule mama alikuwa amezisahau. Nikamfuata kwa mbio. Kwenye kona, nyuma ya mwamba, nikamkuta amekaa chini, kitambaa chote usoni, mabega yanaruka. Aliponiona alijipangusa haraka. "Kwetu hatumulilii mutoto anayekwenda," akaniambia. "Atakwenda na mizigo miwili. Usimwambie."

Nilimwambia Debora jioni ile ile. Sijui kama nilikosea. Alinikatalia. "Unadanganya," akasema, na akanigeuzia mgongo kwenye ule mkeka mpya. Lakini nilisikia alivyokuwa akipumua.

Mama yangu alikaa siku sita bila kuniambia zaidi ya "lete" na "weka". Nyumba ilikuwa kimya hata majirani wakaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Nilielewa sasa Daforoza alikuwa anaishi ndani ya nini. Siku ya saba asubuhi akanipa ndoo. Nilikuwa nimeshafika kwenye kizingiti.

"Nabintu!"

Nikageuka. Puu! Mate juu ya jiwe. Kidole usoni. "Hii ikikauka mbele urudi, miguu ya bata, hata Lubarika hawatakutambua!"

Nilikimbia ziwani nikilia kwa furaha, na watu wakadhani nimepigwa.

Usifikiri hapo mambo yalitengenea. Mwaka uliofuata nilipaswa kurudia mtihani, lakini baba aliugua kifua, akaacha ziwa, na mimi nikakaa nyuma ya meza ya ndagala, nimekaa hapo mpaka nikazeeka. Debora ndiye aliyesoma. Jioni alinisomea kaye zake juu ya ule mkeka wa wawili, na mwandiko huu ninaoandika nao hapa niliuiga kwake, ndiyo maana umelala lala. Akawa muuguzi. Alinizalisha binti yangu wa kwanza kwa mikono yake. Nilikuwa na kichwa, diregta alisema. Naringa nacho hata leo, lakini hakikuniweka darasani.

Na Daforoza? Hapa ndipo panaponiuma zaidi, na nimechelewa kupasema. Miezi miwili baada ya mtihani watu walikuja kwao na mitungi ya pombe, wakakaa kwenye viti vya kuazima, na Daforoza akaolewa huko Kiliba. Siku ile pale njiani, alipoweka ndoo chini, hakunidanganya. Ni mama yake aliyekuwa ameacha kumwita jina lote. Ni yeye aliyekuwa anapewa nyama nzuri na kuachishwa kazi. Aliona jambo lile kwao, akadhani limeingia na kwetu, akanionya kwa moyo safi. Nami nilishughulika na uoga wangu, sikumuuliza, "Weye, Daforoza, umejuaje hayo yote?" Hata kwetu Wafuliiru wasichana waliozwa, msije mkasema bibi anasema watu wa Kirundi vibaya. Ilikuwa nyumba ile, mwaka ule. Nilikuja kumwomba msamaha nikiwa na watoto wanne. Akacheka. Akasema, "Weye, si ulikuwa unapima kamba yako."

Sasa kwa nini nayaandika haya leo? Kwa sababu nina mjukuu, Aline, miaka kumi na tano, ana telefone. Kwenye hiyo telefone yuko binamu yake aliyehamia ng'ambo na familia yake, na huyo binamu anamwambia kwamba kule mama anapiga hodi kwenye mlango wa mtoto. Hodi! Ndani ya nyumba yake mwenyewe! Kwa miezi mingi Aline alinililia, "Bibi, Mama ananinyang'anya telefone kila jioni, anasoma yote, ni askari." Halafu juma hili akaja na uso mwingine. "Bibi, Mama ameacha kuinyang'anya. Ananiangalia tu, anasema, 'Kaa nayo.' Kuna kitu. Binamu anasema mama akifanya hivyo anataka kumpeleka mtoto mbali." Na nilipoinama kutafuta sandale zangu chini ya kitanda chake, nikaona mfuko umefungwa, nguo ndani.

Nilikaa juu ya kile kitanda. Hata mimi nilimshuku mama yake, msifikiri uzee unaponya. Lakini nilimwambia Aline hadithi ya miguu yangu, na mnaoisoma nawaambia nanyi.

Mwanangu, usimsome mama yako kwa macho ya nyumba nyingine. Mama anayepiga kelele, mama anayekaa kimya, mama anayepiga hodi, mama anayegeuka bila kulia, kila mmoja amefundishwa na mama yake, na mama yake na kilima chake. Kimya cha Mama Daforoza kilikuwa na maana moja, kimya cha Mama yangu kilikuwa na nyingine, na mimi nilichukua ufunguo wa jirani nikavunja nao kufuli letu. Sikwambii umwamini mama yako kwa kila kitu. Mama wengine wanaficha mabaya, na Daforoza alikuwa na haki ya kuogopa. Shuku, ukishuku. Lakini shuku yako ipeleke kwa mwenyewe, usiipeleke kwenye kamyo. Muulize. Akikujibu ovyo, kaa, muulize tena, mpaka achoke kukujibu ovyo. Na rafiki akikueleza maana ya mama yako, muulize kwanza habari za mama yake yeye.

Na nyinyi mama, msijifiche nyuma ya watoto. Mama yangu angesema maneno mawili tu, "Ni mukeka," leo ningekuwa na cheti ukutani. Alidhani jambo zuri likitajwa kabla ya wakati linachukuliwa na wenye macho mabaya. Likachukuliwa na ukimya wake. Nilimwambia hivyo akiwa mzee, hana meno. Akasema, "Na weye ulikuwa na mudomo, haukuutumia." Tukawa sawasawa.

Aline ameufungua ule mfuko. Jana aliingia jikoni kwa mama yake, akafunga mlango. Nilisimama nje nikitega sikio, lakini walizungumza chini, na walichosemezana ni chao wawili. Nilisikia tu mama yake akilia, halafu wote wawili wakacheka, halafu sufuria ikaanguka.

Njoo basi, mwanangu, nawe uliye mbali unayeshika maneno haya. Mungu akuweke kwenye mkeka mpana. Akupe mwenzako wa kukuamsha ukisinzia. Mto usijae mbele yako siku ya jambo lako, na ukijaa, mtu awe amesimama mlangoni anakungoja na biki mkononi. Lile jiwe la Mama bado ninalo, liko mbele ya mlango wangu hapa Rugenge. Nimelitemea mate asubuhi hii kwa ajili yako. Nenda kwa mama yako ukamuulize, na urudi uniambie kabla hayajakauka.